Mafaili Yanatambaa Ndani ya Nyumba: Mtafute Mchawi Kabla Hujanunua Ruta Mpya

Una GB 60 za video ya sendoff kwenye laptopu. Kompyuta ya kuhariri iko chumba cha pili, na zote mbili zimeunganishwa kwenye ruta moja. Unakopi folda, Windows inapiga hesabu zake, kisha inakuandikia kwamba zimebaki saa tano na nusu. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua bando kubwa zaidi, au kumpigia simu mtoa huduma wa faiba.

Bando halihusiki. Faili linalotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba hufika kwenye ruta na kugeuzwa hapohapo. Halitoki nje, halili MB hata moja ya kifurushi chako, na kasi yake ni ileile hata kama laini haina salio. Huamini? Chomoa laini ya simu au waya wa faiba kwenye ruta, ukopi tena, uone kama kuna kitakachobadilika. Mambo hugeuka pale tu unapojitumia faili kwa WhatsApp, Telegram au Google Drive ili ulipokee kwenye mashine ya pili. Hapo faili linapanda hadi kwenye seva za wenyewe na kushuka tena, na bando linaliwa mara mbili. Kama ndivyo ulivyozoea kuhamisha mafaili kutoka sebuleni hadi chumbani, acha leo.

Safari ya faili ina vipande vitano: diski linapotoka, kebo au Wi-Fi hadi kwenye ruta, ruta yenyewe, kebo au Wi-Fi kutoka kwenye ruta, na diski linakofikia. Kasi ya safari nzima ni ya kipande kilicho dhaifu kuliko vyote, hata kama vinne vilivyobaki ni vya bei mbaya. Kwa hiyo pima kimoja kimoja, na usitoe hela mpaka ujue mchawi ni nani.

Kwanza, soma namba vizuri

Watengenezaji wa ruta na kampuni za intaneti huhesabu kwa megabiti kwa sekunde (Mb/s). Dirisha la kukopi la Windows huhesabu kwa megabaiti kwa sekunde (MB/s). Baiti moja ni biti nane. Ukiambiwa kebo yako ni ya megabiti 100, gawa kwa nane upate megabaiti 12.5, kisha toa kidogo kwa ajili ya taarifa za usafirishaji zinazoambatana na data. Zinabaki kama 11 na ushee. Wako watu wanaolalamika kwamba wamelipia 100 na wanapata 11, na kumbe mtandao wao unafanya kazi kama ulivyoundwa.

Kwa kukadiria, kebo ya megabiti 100 hutoa MB 11 hadi 12 kwa sekunde. Kebo ya gigabiti 1 hutoa kama 110. Wi-Fi ya 2.4 GHz, kwa laptopu ya antena mbili na mazingira mazuri, hufika MB 9 au 10, na majirani wakiwa wengi hushuka hadi 2 au 3. Wi-Fi ya 5 GHz ya kizazi cha AC, ukiwa chumba kimoja na ruta, huweza kutoa 50 au zaidi.

Rudi sasa kwenye zile GB 60. Kwa MB 3 kwa sekunde ni saa tano na nusu. Kwa MB 11 ni saa moja na nusu. Kwa MB 110 ni kama dakika tisa. Kwa mtu anayeishi kwa kazi za harusi na kipaimara, tofauti hiyo ni ya kukabidhi kazi Jumapili au Jumanne.

Grafu ya kukopi inakuambia mengi

Kabla ya kupakua programu yoyote, kopi faili moja kubwa, la GB 4 au 5, ubofye "More details" kwenye dirisha la kukopi. Iwe faili moja kubwa, si folda yenye picha elfu mbili; sababu yake nitaieleza mbele. Angalia umbo la mstari.

Ukinyooka kama rula kwenye 11.2 au 11.5, bila kupanda wala kushuka, una kiungo cha megabiti 100 mahali fulani. Hiyo ni alama ya kidole kabisa, na mara nyingi sihitaji kupima zaidi ya hapo.

Ukianza juu sana na kuporomoka baada ya sekunde chache, diski inayopokea imelemewa. Zile namba nzuri za mwanzo zilikuwa data inayowekwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na RAM ilipojaa ndipo diski ilipoonyesha uwezo wake halisi.

Ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, shuku Wi-Fi.

Hatua ya kwanza: iondoe diski kwenye orodha ya washukiwa

Kwenye mashine inayopokea, kopi faili lilelile kubwa kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, bila mtandao wowote. Kama hata hapo unapata MB 15 kwa sekunde, usimsumbue fundi wa mtandao. Kumbuka tu kwamba diski ya HDD (ile yenye sahani inayozunguka) ikisoma na kuandika kwa wakati mmoja hupungua, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hicho peke yake. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", chagua diski, kisha anza kuhamisha faili kwa mtandao. Asilimia ya "Active time" ikikaa 100 muda wote huku mtandao ukiwa chini ya uwezo wake, umeshapata jibu.

HDD ya laptopu iliyo nzima huandika faili kubwa kwa MB 80 hadi 120 kwa sekunde. SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya SATA hufika kama 500. Flashi za bei rahisi ni janga: nyingi huandika kati ya MB 5 na 20, hata kama kwenye pakiti wameandika USB 3.0 kwa herufi kubwa.

Diski ya nje nayo ina mtego wake. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 hupati zaidi ya MB 35 au 40 kwa sekunde, haidhuru diski yenyewe ni nzuri kiasi gani. Matundu ya USB 3 mara nyingi huwa na plastiki ya bluu ndani, ingawa si kila mtengenezaji anafuata rangi hiyo. Na kama umechomeka diski nyuma ya ruta ili nyumba nzima iitumie, punguza matarajio: prosesa ya ruta ndogo ni dhaifu, na mara nyingi ndiyo inayokwamisha hata pale tundu lake linapokuwa la USB 3.

Hatua ya pili: pima njia bila diski

Programu ya iperf3 ni ya bure, na inatuma data kutoka RAM ya mashine moja hadi RAM ya nyingine bila kugusa diski. Namba inayotoka ni ya mtandao peke yake.

Kwenye Windows ipakue, ifungue kwenye folda kama C:\iperf, kisha ufungue Command Prompt na kuingia kwenye folda hiyo. Kwenye Linux za familia ya Ubuntu andika `sudo apt install iperf3`. Mashine moja ndiyo itakayosubiri:

`iperf3 -s`

Windows ikiuliza kama iruhusu programu kupita kwenye Windows Defender Firewall, kubali kwa mtandao wa "Private". Tafuta anwani ya mashine hiyo kwa amri ya `ipconfig`. Tuseme ni 192.168.1.10. Kwenye mashine ya pili andika:

`iperf3 -c 192.168.1.10`

Subiri sekunde kumi usome mstari wa mwisho wenye namba. Kisha rudia ukiongeza `-R` mwishoni, ili data itiririke upande wa pili. Usiruke hatua hii ya kugeuza. Kebo iliyobanwa vibaya au kadi ya mtandao iliyochoka inaweza kuwa nzuri upande mmoja na mbovu upande mwingine, nawe ukabaki kushangaa kwa nini kutuma ni haraka na kupokea ni mateso.

Ukipata 940 Mb/s, mtandao wako hauna kosa. Rudi kwenye diski au nenda hatua ya mafaili madogo. Ukipata kama 94, kuna kiungo cha megabiti 100. Ukipata 30 au 40 inayoyumba, ni Wi-Fi. Kama mashine hazionani kabisa ilhali zote zina intaneti, angalia mambo mawili: kama mojawapo imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ambao kwa kawaida huzuia vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na kama umewasha VPN. Mitandao mingi ya hosteli nayo hutenganisha vifaa kwa makusudi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayetaka kumpa mwenzake wa chumba kimoja GB 20 asihangaike na mtandao huo, aende moja kwa moja hatua ya tano.

Hatua ya tatu: kebo

Hapa ndipo ninapowakuta wachawi wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane, jozi nne. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu: namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti huhitaji zote nane. Waya mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika au usipogusa vizuri kwenye plagi ya RJ45, kwa kawaida mashine hazikuambii kitu. Zinashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea na kazi. Intaneti itafunguka, YouTube itacheza, na hutajua mpaka siku utakapohamisha faili kubwa.

Wapo pia mafundi wanaogawa kebo moja kwa mashine mbili, nyaya nne huku na nyaya nne kule, ili kuokoa gharama ya kuvuta kebo ya pili. Inafanya kazi, lakini kila mashine imefungwa kwenye 100 milele. Ukihamia nyumba ambayo tayari imevutwa waya, fungua soketi moja ya ukutani uhesabu.

Kujua kiungo kimekubaliana kwa kasi gani, kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, usome safu ya "LinkSpeed". Kwenye Linux ni `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi yako. Ukiona 100 Mbps ilhali kadi na ruta ni za gigabiti, badilisha kebo kwanza. Azima ya jirani kama huna. Ikipanda hadi 1 Gbps, umemaliza.

Ukiamua kuibana mwenyewe, mpangilio unaotumika zaidi, T568B, ni huu kuanzia kushoto, kilimi cha plagi kikiwa upande wa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Kuna anayepanga rangi anavyojua yeye, akasema mradi ncha zote zimefanana haina shida. Shida ipo. Kila jozi imesokotwa pamoja ili kuzuia mwingiliano, na ukizitenganisha jozi, testa ya taa nane itawasha zote vizuri huku kebo ikipoteza data, kwa sababu testa hiyo huangalia tu kama waya umefika upande wa pili. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya plagi.

Soma pia maandishi kwenye ganda la kebo. Cat5e inatosha kwa gigabiti hadi mita 100. Herufi CCA zina maana kwamba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi, hukatika upesi, na kwa umbali mrefu huleta usumbufu. Ya shaba tupu ni afadhali hata ukiongeza hela kidogo. Kama kebo imepita darini, chini ya bati, ikague kwa macho. Jua la Dodoma la Oktoba hugeuza dari kuwa tanuri, na panya hawajui tofauti ya kebo na kamba.

Hatua ya nne: Wi-Fi

Wi-Fi ni barabara ya mtu mmoja kwa wakati mmoja: akizungumza mmoja, wengine kwenye chaneli ileile husubiri. Kwa hiyo laptopu mbili zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta na kisha kutoka, na kasi inagawanyika nusu. Ukiiunganisha mojawapo kwa kebo, hata kama nyingine imebaki hewani, unaweza kukaribia kasi mara mbili bila kununua kitu kingine.

Kuna jambo ambalo kwa nyumba zetu linajirudia sana. Anayetumia ruta ya laini ya simu huiweka dirishani au kwenye kona ya mbali, upande ulipo mnara, ili apate 4G nzuri. Kwa intaneti amefanya jambo la maana. Kwa mafaili ya ndani, ameihamisha ruta mbali na kompyuta zake, mara nyingi nyuma ya kuta mbili za tofali za saruji na karibu na grili ya chuma. Ukiihamisha, intaneti inaanguka. Ukiiacha, mafaili yanatambaa. Usihangaike kutafuta sehemu ya katikati. Iache dirishani na uzipe kompyuta zako kebo.

Kujua uko kwenye bendi gani, andika kwenye Command Prompt `netsh wlan show interfaces`. Angalia "Radio type", "Channel" na "Receive rate". Windows 11 za karibuni zikikataa na kudai ruhusa ya mahali ulipo, washa "Location" kwenye Settings. Chaneli 1 hadi 13 ni bendi ya 2.4 GHz, 36 na kuendelea kwa kawaida ni 5 GHz. Kama ruta yako ina bendi zote mbili na laptopu inang'ang'ania 2.4, ingia kwenye ukurasa wa ruta, zipe bendi majina tofauti, na uunganishe ile ya 5. Haipenyi ukuta vizuri, ila ndani ya chumba kimoja tofauti utaiona mwenyewe.

Kama kifaa ni cha 2.4 pekee, tumia chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Programu ya bure ya kuchunguza Wi-Fi kwenye simu itakuonyesha majirani wamejazana wapi. Kwenye nyumba za kupanga zenye wapangaji sita na kila mmoja na ruta yake, kama zile za Majengo au Chang'ombe, huenda usipate chaneli tupu. Kebo.

Kuhusu vile vifaa vya kuongeza mtandao vinavyochomekwa kwenye soketi: vingi hupokea na kurudia kwenye chaneli ileile, na hivyo hukata kasi tena. Vinafaa kufikisha WhatsApp chumba cha uani. Kwa GB 60, hapana.

Hatua ya tano: iruke ruta kabisa

Kama kazi yako ni kuhamisha mafaili makubwa kati ya mashine mbili zilezile kila wiki, chomeka kebo moja kutoka laptopu hadi kompyuta, bila ruta katikati. Zamani ilihitajika kebo maalumu iliyogeuzwa nyaya. Kadi za gigabiti hujigeuza zenyewe, kwa hiyo kebo ya kawaida inatosha. Weka anwani kwa mkono: mashine inayotuma 192.168.50.1, inayopokea 192.168.50.2, na "Subnet mask" ya 255.255.255.0 kwa zote. Sehemu ya "Gateway" iache wazi, ili intaneti iendelee kupitia Wi-Fi. Shirikisha folda kwenye mashine inayopokea, kisha kwenye nyingine andika `\\192.168.50.2` juu kwenye File Explorer.

Njia hii naipenda kuliko zote. Haidai ruta, na kama ni laptopu mbili zenye chaji, umeme ukikatika hazishtuki. Laptopu nyembamba zisizo na tundu la kebo zitahitaji adapta ya USB; hakikisha ni USB 3 na imeandikwa gigabiti.

Hatua ya sita: mafaili madogo madogo

Picha elfu mbili za GB 5 huchukua muda mrefu kuliko video moja ya GB 5. Kwa kila faili, mashine hufungua, huandika jina na tarehe, hufunga, huthibitisha, na antivairasi nayo inataka kulikagua. Zifunge kwanza kuwa faili moja kwa 7-Zip, ukichagua kiwango cha "Store", maana JPEG na video zimeshabanwa na kuzibana tena ni kupoteza muda. Au tumia robocopy, ambayo imo tayari ndani ya Windows:

`robocopy D:\Harusi \\192.168.50.2\Kazi /E /MT:16 /R:2 /W:5`

/E huchukua folda za ndani, na /MT:16 hukopi mafaili 16 kwa pamoja. Zile mbili za mwisho, /R:2 (jaribu tena mara mbili) na /W:5 (subiri sekunde tano kila mara), usizisahau, kwa sababu bila hizo robocopy ikikutana na faili lililogoma itajaribu tena mara milioni moja. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. Mafaili yaliyokwisha kufika itayaruka.

Vumbi, kisha duka

Miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma hauachi kitu. Laptopu iliyojaa vumbi kwenye feni hupata joto na kujipunguzia kasi, na matundu ya kebo yaliyojaa vumbi hayagusi vizuri. Ukiona uhamishaji unaanza vizuri na kuchoka baada ya dakika kumi huku feni inapiga kelele, ipulize kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kama vipimo vimeonyesha kwamba ruta ndiyo yenye tatizo, bado huenda usihitaji ruta nyingine. Swichi ya mtandao ya gigabiti yenye matundu matano inatosha: kompyuta zote kwenye swichi, na waya mmoja kutoka kwenye swichi hadi kwenye ruta. Mafaili yatapita kwenye swichi bila kugusa ruta. Dukani soma boksi mwenyewe. "10/100" ni megabiti 100. Unachotaka ni "10/100/1000". Na usidanganywe na "AC1200" kwa herufi kubwa: hiyo ni jumla ya Wi-Fi ya 2.4 na ya 5, 300 na 867, na ruta nyingi za aina hiyo nyuma zina matundu ya 10/100.

Baada ya kila badiliko, pima tena kwa faili lilelile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia. Na kabla hujafomati memori kadi ya kamera ya mteja, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Kwa video isiyoweza kurudiwa, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na njia ya faili na neno SHA256, kwenye mashine zote mbili. Misururu miwili ya herufi ikifanana, futa.